Blanketi, Kitenge na Jembe

Wadogo zangu mtakaoshika mkasi na kamba baada yangu, msicheke nikisema nimestaafu. Najua nina miaka kumi na nane. Lakini nimefunga mizigo ya sikukuu dukani kwa Shangazi, hapa Nyahanga, Kahama, Desemba nne mfululizo, tangu nikiwa kidato cha kwanza mpaka nimemaliza cha nne, na hii ya mwisho imenizeesha kuliko zile tatu ukizijumlisha. Sasa narudi Ngokolo kwa mama kusubiri matokeo, meza nawaachia. Mimi si mtu wa kuongea mbele za watu, mnanijua, hata salamu naitoa nikiangalia chini. Kwa hiyo naandika. Someni kabla hamjagusa gundi.

Kazi yenyewe mnaiona mnavyopita. Mtu yuko machimboni, mwaka mzima hajaonana na watu wake, Krismasi inakaribia. Anakuja, anasema, "Nichagulieni kitu cha mama." Tunachagua, tunafunga, tunaandika jina, mzigo unapanda basi. Shangazi anasema zamani mchimbaji alikuwa anakaa kwenye kreti la soda na kusimulia nyumba yao nzima, mpaka mbuzi. Siku hizi wengi wanatuma ujumbe wa sauti kwenye simu, sekunde kumi, karasha inasaga mawe nyuma yake, huelewi kama anataka kanga au anaomba msaada. Ndiyo maana makosa yameongezeka, ingawa kosa langu kubwa nililifanya na mteja amesimama mbele yangu.

Nianze na madogo, nipate pumzi.

Sabuni isikae karibu na majani ya chai. Nikiwa kidato cha kwanza nilivipanga pamoja kwa sababu rangi za pakiti zilipendezana. Januari mteja alirudi na hakugomba, alisema tu, "Dada, wazee wameshukuru. Wanauliza hiyo chai inanywewa au inafuliwa." Nilijificha nyuma ya magodoro mpaka akaondoka.

Viatu vya babu msitume kwa namba. Wazee wengi hawaijui namba yao, wanataja yoyote ili wasionekane washamba. Mwambieni mteja apige simu nyumbani, mtu apime unyayo kwa kamba, kisha atutajie ni urefu wa shibiri na vidole vingapi.

Na msiulize kamwe, "Mama anapenda nini?" Watawajibu anapenda chochote, na hakuna mama anayependa chochote. Ulizeni, "Siku unaondoka nyumbani, ulimwacha anafanya nini?" Kijana mmoja alifikiria sana, akasema alimwacha mama yake anapepeta mchele kwenye ungo uliotoboka, tundu amelizibia kwa kitambaa. Miaka miwili alikuwa anamtumia redio. Mwaka ule tukamtumia ungo. Mama alipiga simu akasema, "Sasa nimejua mwanangu ananikumbuka." Redio zote mbili ziko kabatini na plastiki zake.

Hilo ndilo Shangazi alilonifundisha kwanza. La pili alinifundisha mara mia na bado nililikosa. Alikuwa anasema, "Minza, zawadi haimfikii mtu mmoja. Inafika kwenye nyumba, na nyumba nzima inaisoma. Kabla hujafunga, uliza mle ndani kuna nani na nani."

Sasa nisikilizeni.

Mayunga alikuja wiki moja kabla ya Krismasi. Ni mchimbaji wa upande wa Geita, njia ya Kakola, ana miaka kama ishirini na tatu, vumbi mpaka kwenye kope. Shangazi alikuwa ameenda sokoni. Mayunga akasema anataka zawadi za watu ambao si ndugu zake. Masika alikuwa anachimba karibu na Ushirombo, homa ikamwangusha, wenzake wakahama duara, yaani shimo lao la dhahabu, wakamwacha. Familia moja ya wakulima ikamchukua. Wiki sita alilala kwao, wakamlisha, wakamwogesha, hawakumdai hata ahadi.

"Kuna bibi pale," aliniambia. "Nikiweweseka ananishika kichwa, ananiita mjukuu wangu, ananinywesha uji kwa kijiko. Nataka ajue sijasahau."

Mimi huwa nayaandika maneno ya wateja kwenye daftari langu vilevile yalivyotoka, ni tabia tu, naandika kila kitu. Nikayaandika na hayo. Nikampendekezea blanketi zito kwa bibi, maana wazee mifupa inawauma. Kitenge cha kahawia kwa mama wa nyumba. Kwa baba, mkulima, nikasema jembe jipya. Mayunga alifurahi mpaka akanishika mkono, nami nikaangalia chini.

"Niandike kwa nani?"

"Baba Leticia."

Nikaandika kwa herufi kubwa juu ya kiroba: KWA BABA LETICIA, USHIROMBO. Chini yake namba ya simu ya duka.

Mmeona? Jina lilikuwa mkononi mwangu. Nililiandika mimi mwenyewe. Na swali la Shangazi nilikuwa nalo mdomoni, mle ndani kuna nani na nani, lakini nikaogopa. Nitawaambia ukweli maana mnaosoma ni ninyi tu. Niliona nikimwuliza kijana mzuri kama yule, "Hiyo nyumba ina binti?" atadhani naulizia mambo yangu. Nikanyamaza. Nikafunga kwa utepe mwekundu.

Baada ya siku mbili simu ya duka ikalia. Sauti ya mwanaume mtu mzima, anasalimu Kisukuma.

"Mwangaluka. Hapo ndipo dukani?"

"Ndiyo. Shikamoo."

"Marahaba. Mzigo wa Mayunga tumeupata. Blanketi tumeliona, kitenge tumekiona, jembe tumeliona. Mwambieni kijana tumemwelewa. Jumamosi wazee tunakaa."

Nami, wadogo zangu, kwa sababu nikizungumza na mtu nisiyemjua natafuta tu namna ya kumaliza, nikajibu, "Haya. Asante." Nikakata.

Shangazi aliporudi nikamweleza. Akasimama na kikapu kichwani.

"Wamemwelewa nini?"

"Sijui, Shangazi. Mzigo."

"Lete daftari."

Akasoma huku anafuata mstari kwa kidole. Akashusha kikapu, akakaa juu ya gunia la sukari, ambalo sisi hatukaliagi kwa sababu linachafuka.

"Huyu Mayunga ana mke?"

"Hana."

"Na Leticia ni nani?"

"Si ndiye mtoto wao?"

"Mdogo? Mkubwa? Ameolewa, hajaolewa?"

"Sikuuliza."

"Mwanangu," akasema taratibu, na Shangazi akisema taratibu ujue kumeharibika, "hujatuma zawadi. Umetuma posa."

Mnajua mambo ya kwetu. Kila kimoja peke yake hakina neno. Lakini blanketi la bibi, kitenge cha mama na jembe la baba, vikiingia pamoja kwenye mlango mmoja, vimetoka kwa kijana mmoja asiye na mke, na ndani kuna binti, wazee hawaulizi tena ni vya nini. Wanaanza kuulizana ni ng'ombe wangapi watafuata. Na mimi niliyeambiwa kwa niaba ya kijana nikajibu, "Haya."

"Piga simu," Shangazi akaniambia.

"Piga wewe, Shangazi, tafadhali."

"Mimi nikipiga nimekuwa mshenga. Piga."

Nikabonyeza namba. Iliita muda mrefu, ikapokelewa na sauti ya msichana, ndogo, kama anaongea ndani ya kikombe.

"Nani?"

"Ni dukani, Kahama. Namwulizia Baba Leticia."

"Yuko shambani na baba mdogo. Simu wameiacha. Dada, ni nyinyi mliotuma lile blanketi?"

"Wewe ni Leticia?"

"Ndiyo." Nikasikia anahama, kuku wanalia. "Dada, huyo kaka ni kweli anataka? Alikuwa anaumwa tu hapa. Mimi hata chakula nilikuwa nampelekea na kuondoka. Baba mdogo anasema shule nitamalizia huko nitakakoenda. Januari naingia kidato cha tatu, dada. Nimekuwa wa nne darasani."

"Baba yako anasemaje?"

"Baba hasemi. Anakaa anaangalia lile jembe."

Ikakatika. Sijui alikata yeye au alinyang'anywa. Usiku huo daftari langu lina mstari mmoja tu, jina lake, nimeliandika mara tano.

Mayunga hakupatikana mpaka kesho yake mchana, maana chini ya duara hakuna mtandao, inabidi mtu wa juu apaze sauti kwenye tundu kisha usubiri. Nilisubiri nikiwa nafunga mizigo ya watu wengine na kila mzigo nauogopa. Mteja alitaka sufuria kwa dada yake, nikamwuliza dada ameolewa wapi, na nani, mume ana wake wangapi, wakwe wako hai. Akamwambia Shangazi, "Huyu binti ni wa duka au wa polisi?"

Mayunga alipopiga na kuelezwa, kwanza alicheka. Kisha akaacha ghafla.

"Mimi nioe? Mama, mimi nina jozi moja ya viatu na ni ya kuazima! Na yule si ni mdogo wangu pale? Ngoja nipande pikipiki niende nikawaambie."

"Ukithubutu!" Shangazi alisema. "Ukienda mwenyewe umeenda kujionyesha kwa wakwe. Ukitoa neno la kukataa, umemtukana binti mbele ya ukoo, watamwozesha wa kwanza atakayepita ili kufuta aibu. Tulia huko."

Basi Shangazi akakaa, akapiga hesabu ya watu. Yeye hawezi kwenda, mwanamke mtu mzima akiingia pale wiki ya wazee kukaa ni mshenga tu, hata aseme nini. Mwanaume ndiyo kabisa. Vitu vya kuomba radhi haviwezi kupelekwa, chochote kitakachoingia kitaongezwa juu ya vile vitatu. Macho yake yakaja kwangu, mimi nikaanza kukunja karatasi.

"Hakuna ukoo duniani," akasema, "unaomtuma mwanafunzi kwenda kuposa. Kavae sare."

"Shangazi, nimeshamaliza shule."

"Sketi imemaliza shule? Kavae."

Ijumaa tukapanda basi la asubuhi mpaka Ushirombo, halafu pikipiki mbili mpaka kigangoni. Sketi ilikuwa inanibana, kifungo nimekishikiza kwa pini. Shangazi akabaki kwenye benchi nje ya kanisa, kutoka pale unaiona nyumba.

"Nikisema nini?" nilimwuliza.

"Sema ulichokifanya. Usimtetee mtu, usimlaumu mtu. Na usiseme tena 'haya'."

Niliwakuta uani. Baba Leticia, mtu mrefu mkimya, alikuwa anapukuchua mahindi kwa mkono. Baba mdogo, yule wa sauti ya simu, amekaa kwenye kiti cha uvivu. Bibi alikuwa kwenye mkeka, na lile blanketi langu amejifunika mabegani, saa sita mchana, jua la kukausha mihogo. Jembe limeegemezwa ukutani, halijatiwa mpini. Msichana mwembamba alikuwa anasugua sufuria karibu na jiko, akaacha kusugua.

Nikapiga magoti, nikasalimu wote. Nikataja jina langu.

"Mwanafunzi," baba mdogo akasema, "umepotea? Shule zimefungwa."

"Natoka dukani, baba. Kahama. Mimi ndiye niliyefunga ule mzigo."

"Aa! Na kijana amekutuma nini?"

"Hajanituma. Nimekuja mwenyewe kusema nimekosea."

Akacheka, akamwangalia kaka yake. "Mnamsikia? Katoto kanakosea blanketi!"

Nikawa naangalia vidole vyangu, nikasema nikiwa naangalia hivyo hivyo, sikuweza vinginevyo. Nikasema kijana alikuja kutafuta zawadi ya shukrani. Hakutaja blanketi, hakutaja kitenge, hakutaja jembe. Nilivichagua mimi, vyote vitatu, na kumwuliza kama nyumba ina binti sikumwuliza, kwa sababu niliona haya. Na kwenye simu nilijibu "haya" kwa sababu naogopa simu. Nikasema, kama kuna wa kulaumiwa ni mimi.

Punje za mahindi zikaendelea kudondoka kwenye beseni.

"Maneno ya kufundishwa hayo," baba mdogo akasema. "Kijana ameogopa ng'ombe, ametafuta mtoto wa kuja kulia."

Bibi akanyoosha mkono kutoka kwenye blanketi. "Mwache. Wewe mjukuu, huyo Mayunga alipoingia dukani alisemaje? Usiniambie alivyotaka. Niambie alivyosema."

Daftari lilikuwa kwenye mfuko wa shule, sikuwahi kumsomea mtu yeyote. Kuna mambo mengine humo ya aibu, nililifungua nikilificha kwa kiganja. Nikasoma: "Kuna bibi pale. Nikiweweseka ananishika kichwa, ananiita mjukuu wangu, ananinywesha uji kwa kijiko. Nataka ajue sijasahau."

"Rudia."

Nikarudia.

Bibi akamgeukia baba mdogo. "Umesikia nilimwitaje?"

"Mama, mgonjwa anaitwa jina lolote."

"Mimi siiti jina lolote. Nilimwita mjukuu nikiwa na akili zangu, nikamwogesha kama mjukuu. Sasa kesho unataka nikae na wazee niwaambie mjukuu wangu anamwoa mjukuu wangu? Utakaa nao wewe?"

Baba mdogo akaligeukia lile jembe. "Basi vitu virudi," akasema.

"Virudi vipi? Bibi kaletewa blanketi na mjukuu wake, wewe umekuja kumvua?" Bibi akajifunika zaidi, jasho linamtiririka. "Mwambie Mayunga wabeja, nimeshukuru. Na aache kutuma vitu kama mwenye deni."

Wote tukamwangalia Baba Leticia. Yeye ndiye mwenye nyumba, na hakuwa amesema hata neno. Akamaliza gunzi lililokuwa mkononi, akaliweka chini.

"Tumesikia," akasema.

Hilo tu. Halikuwa ndiyo, halikuwa hapana. Nikaaga. Leticia alinisindikiza kwa macho, sikupata hata nafasi ya kumsemesha. Shangazi aliponiuliza wamesemaje nikamjibu, naye akatikisa kichwa. "Tumesikia ni neno refu," akasema.

Jumamosi ikapita, simu haikulia. Krismasi ikapita. Nilikula pilau lakini siwezi kuwaambia lilikuwa na chumvi au halikuwa nayo. Nilipiga mara mbili, ikawa imezimwa. Mayunga alikuwa anapiga kila jioni, "Vipi, Minza?" nami namjibu hakuna kitu, na mazungumzo yetu yakawa ni hayo tu. Kila binti aliyepita na mama yake kununua vitenge vingi nilimwona ni Leticia. Nililala nikiwaza kwamba wazee walikaa, na kwamba mkono uliofunga ule utepe ni huu.

Shule zilipokaribia kufunguliwa nilikuwa dukani peke yangu, nimeshaanza kupanga nguo zangu za kurudi Ngokolo. Simu ikalia. Niliiangalia ikiita mpaka mteja aliyekuwa anachagua ndoo akaniambia, "Dada, pokea basi."

"Dukani hapo? Mimi Baba Leticia."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe ndiye binti uliyekuja na sare?"

"Ndiye mimi."

"Nataka unichagulie begi. La shule, la msichana. Atapita kulichukua mwenye basi."

Nilishika meza. Mwili wangu ulitaka kusema "haya" na kukata, nawaapia. Sikukata.

"Baba, anatembea mwendo gani mpaka shuleni?"

"Mbali. Saa nzima na nusu, na kuna mto."

"Na anabeba nini?"

Akafikiria. "Madaftari. Chakula. Viatu, maana kwenye mto anavua." Kisha akaongeza, "Lisiwe la mapambo. Kidato cha tatu na cha nne, miaka miwili hiyo, afike nalo mwisho."

Nilishusha yote yaliyokuwa ukutani. Nikachagua la buluu nzito, nikavuta mikanda yake kwa nguvu zangu zote, sikuridhika. Nikachukua sindano ya magunia na uzi mnene, nikaishona mikanda upya, mara mbili kila upande, ndipo nikalifunga.